Mbao mpya yenye makovu: mume anataka, mke hataki

*Fundi wa sakafu anajibu barua za wasomaji*

Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba hapa Minneapolis, ya kwanza tangu tufike Marekani. Zulia la sebuleni na la korido lilikuwa limechoka, tukaling'oa, chini tukakuta plaiwudi tupu. Mume wangu ameng'ang'ania mbao za matabaka zile zilizochakazwa kiwandani: zina mikwaruzo, zina vitundu, kingo zimelika, utadhani zimetolewa kwenye ghala la zamani. Anasema tuna watoto watatu na mbwa, basi bora sakafu ije imeshakwaruzwa. Mimi nasema sitoi pesa ya kitu kipya nikaletewa mtumba. Mama mkwe anakuja mwezi wa saba kutoka Morogoro, atadhani tumeishiwa. Nani ana haki? Na kama ni kununua, tuangalie nini? Dukani kuna aina zaidi ya arobaini na muuzaji anazisifu zote.
*Mama Neema, Minneapolis*

Marahaba, Mama Neema, na hongereni kwa nyumba.

Huo upande wako mama yangu mzazi aliutetea kabla yako. Alikuja kututembelea hapa Columbus, Ohio, mwaka 2014, akitokea Pangani. Siku ya pili asubuhi namkuta amepiga magoti kwenye korido, njiti ya kiberiti mkononi, anachokonoa tundu moja baada ya jingine. "Mwanangu, nyumba yako imeingia bungua. Mafuta ya taa yako wapi?" Nikamweleza kwamba matundu yale yametobolewa kiwandani, kwa makusudi, na kuna watu wanayalipia. Akanyanyuka, akajipangusa magoti, akaniuliza kama na ndizi zilizooza huku zinauzwa ghali.

Hata hivyo mumeo hajakosea. Sababu yake ni ya kweli. Sakafu laini inayong'aa, mkwaruzo wa kwanza wa mbwa unauona kutoka mlangoni, hasa huko kwenu ambako jua la Januari liko chini na theluji nje inarudisha mwanga wote ndani. Sakafu yenye makovu, kovu jipya linajificha kati ya wenzake. Alipokosea ni kwenye aina aliyoipenda. Nitafika hapo.

Kwanza muelewe mnachonunua. Mbao ya matabaka si ya bandia. Juu ina ngozi ya mti halisi, mara nyingi mwaloni, na ngozi hiyo imegundishwa kwenye plaiwudi ambayo matabaka yake yanapishana, moja limelala kwa urefu, la pili kwa upana. Mbao ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, ikikauka husinyaa kwa upana; kwa urefu haisogei sana. Kwa hiyo tabaka moja likitaka kutanuka, jirani yake aliyelala upande mwingine anamshika. Kwa hali ya hewa ya Minnesota hilo ni jambo kubwa. Wakati wa baridi hita inaikausha hewa ya ndani mpaka unyevu unashuka chini ya asilimia 20, na Julai unapanda kupita 50. Mbao nzima, tena pana, Februari inaachana hadi unaweza kusimamisha sarafu kwenye ufa. Ya matabaka nayo husinyaa, ila kidogo. Hata hivyo wenye viwanda wengi wanataka hewa ya ndani ibaki kati ya asilimia 30 na 50 hivi, na ukiiacha ikauke zaidi, dhamana yao huioni. Nunueni kipima unyevu cha ukutani, si cha bei, na wakati wa baridi muwashe mashine ya kutia unyevu. Hiyo mashine iingizeni kwenye hesabu ya sakafu tangu leo.

Sasa makovu. Yako ya namna tatu.

Kuna mbao iliyopigwa brashi ya waya. Brashi inakula sehemu laini ya mti na kuacha mishipa migumu imesimama. Kwa macho unaona mbao ya kawaida iliyokomaa. Ukipitisha kiganja ndipo unahisi kitu kama mgongo wa mkeka wa ukindu. Kuna iliyoparuzwa, ambayo ina mabonde na vilima kwa urefu wote, kama iliyochongwa kwa tezo. Halafu kuna iliyopigwa hasa: alama za msumeno, vidonda vya minyororo, matundu ya bungua, kingo zilizovunjwa. Hiyo ya tatu, kwa unavyoieleza, ndiyo aliyoipenda mumeo.

Ushauri wangu ni brashi. Sababu ya kwanza, makovu mengi siku hizi yanapigwa na mashine, na mashine inajirudia. Muombe muuzaji afungue boksi mbili, azilaze mbao zote chini. Tafuteni kidonda kimoja chenye umbo la kukumbukika, tuseme kama herufi ya S, halafu hesabuni mtakiona mara ngapi. Nimewahi kulaza sebule ya mteja ambapo fundo lilelile, na ufa wake uleule pembeni, lilijitokeza mara tisa. Ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Brashi haina shida hiyo, kwa sababu inafuata mishipa ya kila mbao, na mishipa haifanani.

Ya pili ni meza. Sakafu iliyoparuzwa kwa kina haiko sawa, na kiti cha miguu minne juu yake kinacheza. Familia moja hapa kwetu waliishia kukunja karatasi chini ya kila mguu wa meza ya chakula, kama hotelini Tandika.

Ya tatu ni chumvi, na hii wenzenu wa nchi za joto hawaijui. Huko kwenu barabara zinamwagwa chumvi wakati wa barafu, viatu vinaileta ndani, theluji inayeyuka, maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwenye mbao laini unaifuta. Kwenye bonde lililoparuzwa inajaza kama chokaa kwenye ufa wa ukuta, na unakuwa na sakafu ya kahawia yenye michirizi myeupe hadi Aprili. Unga wa maandazi nao unafanya vivyo hivyo. Brashi nyepesi inashika uchafu kidogo tu, na fagio la nywele laini au vakyumu yenye brashi inautoa.

Nimekwishasema brashi, lakini hata hilo si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni unene wa ngozi, na hapa naomba nikusimulie aibu yangu mwenyewe.

Ile sakafu ya matundu aliyoichokonoa mama niliilaza mwaka 2011. Niliipata kwa punguzo kwenye duka moja la hapa. Muuzaji aliniambia unene wake ni milimita 12, nikaridhika. Mimi, fundi, sikuuliza milimita ngapi za hizo 12 ndizo mti. Mwaka 2017 kijana wangu alivuta friji bila kuinua, ikaacha mfereji kutoka jikoni hadi mlango wa korido. Nikasema fundi hashindwi, nikakodi mashine ya msasa. Vumbi lilianza kutoka rangi ya kahawia. Baada ya muda ambao haukufika nusu dakika likageuka jeupe. Nikazima, nikapangusa kwa mkono: mishipa ya mbao ilikuwa imegeuka, haiendi tena kwa urefu, inakwenda kwa upana. Nilikuwa nimeshatoboa hadi kwenye plaiwudi. Baadaye nilikata kipande nikapima, ngozi ilikuwa milimita 0.6. Kadi ya benki ni nene kuliko hiyo.

Tangu siku hiyo kadi za benki ndicho kipimo changu dukani, na wewe kifanye chako. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Chukua sampuli, igeuze uitazame kwa ubavu ulikokatwa, utaona mstari ambapo ngozi inakutana na plaiwudi. Shika kadi nne pamoja, zipandishe pembeni ya mbao, zilinganishe na ngozi. Kadi nne ni kama milimita 3. Ngozi ikifika hapo au ikazidi, endelea na mazungumzo. Ikiwa kadi moja, rudisha sampuli kwenye rafu hata ingekuwa nzuri vipi. Na kama mbao imeparuzwa, pima pale chini ya bonde, si juu ya kilima; mabonde yamechimbwa kwenye ngozi hiyohiyo.

Unene huu ndio utakaowapatanisha wewe na mumeo. Sakafu yenye makovu ukiipiga msasa, makovu yote yanaondoka pamoja na uchafu. Kwa anayeyapenda hiyo ni hasara, maana huwezi kukarabati kona moja kwa msasa bila kuacha kiraka laini katikati ya makovu. Kwako wewe ni akiba. Mkinunua mwaloni wa brashi wenye ngozi ya milimita 4, mumeo ana makovu yake leo, watoto wakwaruze wanavyotaka, mbwa akimbie. Watoto wakikua na mbwa akizeeka, mnaita fundi anapiga msasa taratibu, na chini yake kuna sakafu laini uliyoitaka wewe tangu mwanzo, haijaguswa. Zile za vidonda virefu na matundu hazitoi nafasi hiyo. Makovu yake yamekwenda chini mno. Kuyafikia ni kumaliza ngozi.

Kuhusu mti wenyewe sitakaa sana. Kuna kipimo cha ugumu kinachoitwa Janka, wanakandamiza gololi ya chuma ya milimita 11.3 mpaka nusu yake izame kwenye mbao, kisha wanasoma nguvu iliyotumika. Kwa pauni, mwaloni mweupe unapata 1,360, hikori 1,820, mjozi (walnut) 1,010. Wauzaji wanapenda kukutajia namba hizi ukisema una mbwa. Kucha za mbwa kwa kawaida zinakwaruza vanishi kabla hazijaufikia mti, kwa hiyo hikori nayo itakwaruzwa. Ugumu unasaidia zaidi watoto wakiangusha sufuria. Mwaloni mweupe unatosha. Mjozi ni mzuri kwa macho, ila si kwa nyumba ya watoto watatu.

Vanishi iwe isiyong'aa. Zile zilizokaushwa kiwandani kwa mwanga, zenye alumini oksidi ndani yake, ni ngumu na hazitaki matunzo mengi; tatizo lake ni kwamba zikikwaruzwa sana huwezi kupaka kidogo mahali pamoja. Zilizopakwa mafuta ya nta ngumu unaweza kuzirudia kiraka kwa kiraka kwa kitambaa, lakini zinataka kupakwa tena kila baada ya muda. Mwenye watoto watatu hana huo muda. Chukueni ya vanishi.

Kwenye boksi tafuteni maneno TSCA Title VI. Hiyo ni sheria ya Marekani inayobana hewa ya fomaldehaidi, ambayo ni sumu, inayotoka kwenye gundi ya plaiwudi na mbao za kubandikwa, ilianza kufanya kazi mwaka 2018. Boksi lisilo na maneno hayo liacheni, watoto wanalala kwenye hiyo nyumba.

Kabla hamjalipa, ombeni sampuli mbili na mzipeleke nyumbani. Ziwekeni mlangoni pale mnapovulia viatu, wiki mbili, kila mtu azikanyage. Angusha bonge la funguo juu yake kutoka usawa wa kifua. Mwaga chai ya maziwa, iache nusu saa, futa. Ile itakayokuudhi kidogo kuliko mwenzake baada ya wiki mbili ndiyo yenu. Agizeni asilimia 10 zaidi ya eneo: sebule na korido vikiwa futi 300 za mraba, nunueni 330. Zitakazobaki msizirudishe. Ziwekeni chini ya kitanda, kwa sababu sakafu ya makovu ikiumia hasa inatengenezwa kwa kubadilisha mbao, na rangi hiyo baada ya miaka mitano hamtaipata tena.

Siku ya kulaza, fundi afungue boksi tatu au nne kwa pamoja na kuchanganya. Aache upenyo wa milimita 10 hadi 12 pembeni mwa kuta zote, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itauficha. Akikwambia mbao za matabaka hazihitaji upenyo, mlipe nauli aende.

Mama mkwe akifika mwezi wa saba mpeni sebule ya brashi, hatashtuka. Kwa mbali ni mbao tu. Ila ficheni kiberiti.

Habari za kazi fundi. Nimejenga ghorofa moja Mbezi Beach, karibu na bahari. Kaka yangu yuko Houston, anapakia kontena mwezi ujao na kuna nafasi ya boksi 40 za mbao za matabaka za mtindo wa kizee. Nataka niziweke nyumba nzima, chini na juu. Fundi wangu hapa anasema haina shida, atagundisha moja kwa moja kwenye zege. Jamvi la chini lilimwagwa miezi mitatu iliyopita.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Salama, ndugu yangu. Mwambie kaka apakie boksi 15, nafasi iliyobaki aweke friji.

Juu, vyumbani, weka. Chini usiweke. Mbezi hewa ni ya chumvi na unyevu mwaka mzima, na nyumba nyingi za huko kiyoyozi kinawashwa usiku, asubuhi kinazimwa na madirisha yanafunguliwa. Mbao inakaushwa na kuloweshwa kila siku ya Mungu. Chumba cha kulala chenye kiyoyozi cha kudumu na madirisha yanayofungwa, inavumilia. Sebule inayofunguliwa kwenye veranda haivumilii. Mbao zinaanza kuinuka kingo kama bakuli.

Na jamvi la miezi mitatu, tena hujasema kama chini yake kuliwekwa nailoni, usiligundishie kitu. Fanya hivi: kata nailoni nzito ya mita moja kwa moja, ibandike chini kwa utepe pande zote nne hewa isipite, iache usiku na mchana, ukiweza siku tatu. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, maji bado yanapanda. Ukikuta pakavu, bado si ruhusa. Mlete mtu mwenye kipimo cha kuchimbia ndani ya zege. Nailoni inaweza kukukatalia, kukukubalia haiwezi.

Halafu mchwa. Mwaloni wa Marekani hawaujui, lakini plaiwudi iliyo chini yake wataizoea haraka. Kama msingi haukupigwa dawa, hilo ni la kwanza kabla hujafikiri sakafu.

Kama unaipenda mbao kweli, hapo ulipo una msaji. Mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yanauvuna. Mti huo una mafuta yake ya asili, na unyevu hausumbui mbao zake sana. Tafuta uliokaushwa kwenye tanuri, si ule ulioanikwa nyuma ya karakana. Chini weka marumaru za rangi ya mbao, naona aibu kusema hivyo mimi fundi wa mbao, lakini nyumba ni yako na pesa ni yako.

Uzee wa kweli ukiutaka kwa mlango mmoja au meza, mbao za majahazi yaliyovunjwa zipo pwani. Hizo zilichakazwa na bahari. Pitisha sumaku kabla ya msumeno, maana misumari iliyokatikia ndani inavunja meno. Usizitandike sakafuni: chumvi iliyomo ndani inavuta unyevu kila mvua inapokaribia.

Assalaam aleikum fundi. Sakafu yetu ni ya mbao za matabaka za brashi. Nimenunua mashine ya kupiga deki kwa mvuke, dada wa kazi anaipenda sana. Nimeona kingo za mbao mbili zimeanza kupanda. Inahusiana?
*Umm Salim, Muscat*

Waaleikumu salaam, bibi. Inahusiana. Mvuke unaingia kwenye viungo ukiwa moto na kugeuka maji huko ndani, na kwenye mbao ya brashi unapata njia nyingi zaidi. Mashine ipelekeni jikoni kwenye vigae. Mbao futeni kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone. Hizo mbili zilizopanda ziacheni mwezi mzima na kiyoyozi kikiwaka kama kawaida, zinaweza kushuka zenyewe. Zisiposhuka, zibadilishwe hizo mbili tu, na asije mtu akakushawishi uzipige msasa kabla hujamuuliza ana kadi za benki ngapi mfukoni.